Wiki za Mbalamwezi

Nina madaftari manne ya mahudhurio ya timu yetu ya mpira ya watoto hapa Kibirizi, Kigoma. Kila jioni niliandika nani kaja na nani hakuja, tiki kwa aliyekuja, kistari kwa ambaye hakuonekana. Likizo moja ya Desemba niliyapanga mezani nione kama kuna mtoto wa kumfuatilia nyumbani, nikaona kitu kingine kabisa. Kila mwezi kulikuwa na wiki moja, wakati mwingine siku kumi, ambapo vistari viliongezeka. Halafu watoto walewale wanarudi kama hakuna kilichotokea.

Nilidhani ni malaria. Nikadhani ni mitihani ya mwezi. Mvuvi mmoja, jirani yangu, aliyekuja kuchajisha simu, ndiye aliyezitazama zile tarehe na kusema hapohapo, "Mwalimu, hizi si mbalamwezi?"

Kwa msomaji wa mbali nieleze kidogo. Dagaa wa ziwa hili huvuliwa usiku kwa taa. Taa inawakusanya, wavu unawachota. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa zima linapata mwanga, taa haina la kuwaambia dagaa, na boti nyingi hukaa nchi kavu. Wiki hiyo wanaume wanalala usiku kama watu wengine, mchana wanashona nyavu au wanacheza bao, na saa kumi na nusu jioni, wakisikia watoto wanapiga kelele kiwanjani, wanasogea kuangalia.

Kwa maneno mengine, watoto wangu walikuwa wanakimbia mpira wiki ileile ambayo baba zao wanakuja kuwatazama.

Sikutaka kuliamini hilo. Nawajua wanaume hawa. Ni watu wanaopenda watoto wao, wanaotoka ziwani asubuhi macho mekundu na bado wanapita shuleni kuuliza habari za daftari la hesabu. Kwa hiyo mbalamwezi iliyofuata niliacha kuwatazama wachezaji, nikageuka kuwatazama watazamaji.

Tulikuwa na mtoto wa darasa la nne anayetumia mguu wa kushoto. Wiki za giza, baba akiwa kazini, mtoto huyu alikuwa mtundu wa kweli. Angejaribu tobo kwa mtoto aliyemzidi kichwa kizima, likakataa, akacheka, akajaribu tena dakika hiyohiyo. Siku ile pasi ilitoka kwa mwenzake, mpira ukawa unamjia taratibu juu ya mchanga, na kabla haujamfikia akainua shingo, akatazama pembeni alikosimama baba yake. Ni nusu sekunde tu. Mpira ukampita chini ya mguu.

"Butua! Butua mpira, unangoja nini?" baba akapiga kelele.

Pasi iliyofuata aliubutua. Na iliyofuata. Hakujaribu tobo hata moja jioni ile, na nilipopuliza filimbi alienda kuvaa kandambili zake bila kunywa maji. Siku tatu zilizofuata daftari lina vistari.

Nimeikumbuka sana ile shingo. Mtoto wa miaka kumi ana macho mawili tu, na mpira unayataka yote mawili.

Kelele zile si za chuki, na asiyeishi hapa asizihukumu haraka. Ziwa limepungua samaki, kila mzee wa mwaloni atakwambia. Mvuvi anayegawana na tajiri mapato ya usiku mzima akabaki na hela ya unga anapoona mtoto wake ana mguu mzuri, anaona boti. Tangu Mashujaa wapande Ligi Kuu mwaka 2023 ligi imekuja mlangoni kwetu, pale Uwanja wa Lake Tanganyika, na Simba au Yanga wakija mji mzima unasimama. Tena kila mtu anamjua Juma Kaseja, mtoto wa Kigoma aliyedaka Simba, Yanga na Taifa Stars. Baba akisema "butua" anamaanisha usiharibu, mwanangu, watu wanaangalia. Ila mtoto hasikii hivyo. Anasikia kwamba kukosea mbele ya baba ni jambo la hatari.

Chuoni tulifundishwa saikolojia ya mtoto kwa ajili ya kufaulu mtihani, na mimi niliifaulu nikaisahau. Nimelazimika kuirudia kwa sababu ya mpira. Mmoja niliyemkuta upya ni John Nicholls, aliyeandika miaka ya 1970 na 1980 kuhusu namna watoto wanavyoelewa juhudi na kipaji. Alionyesha kwamba mtoto mdogo hatenganishi vitu hivyo viwili. Kwake anayejitahidi ndiye hodari, na akijitahidi zaidi anakuwa hodari zaidi, basi. Ni kuanzia miaka kama kumi na moja au kumi na mbili ndipo anaanza kuelewa kama sisi, kwamba mtu anaweza kujituma sana na bado akawa na uwezo mdogo.

Nilipolisoma hilo nikiwa na watoto halisi kichwani nilisikitika. Mtoto wa darasa la pili au la tatu anakuja kiwanjani na imani ambayo sisi watu wazima tungeilipia pesa nyingi tuipate tena: anaamini kabisa kwamba kukimbia sana ni kuwa mzuri. Halafu kaka mtu, au rafiki wa kaka mtu aliyekaa kwenye jiwe na simu yake, anamwita garasa. Neno hilo tunalisikia redioni kila msimu wa usajili, kwa mchezaji wa kigeni aliyelipwa mamilioni asifunge. Anapewa mtoto wa miaka tisa, na anakaa nalo.

Lakini siwezi kuwasema kaka na baba bila kusema langu.

Mwaka wa kwanza nilikuwa nabandika ukutani karatasi ya timu: kumi na mmoja juu, chini yao neno AKIBA na majina mengine. Niliona ni utaratibu mzuri, ndivyo timu zinavyofanya. Kulikuwa na mtoto wa darasa la tatu, mwembamba, mwenye kaptula ya kaka yake aliyoifunga kwa kamba ya katani. Alikuwa anawahi kuliko wote. Kazi yake ilikuwa kufuata mpira ukienda majini. Jioni moja akanifuata wakati nakusanya koni.

"Mwalimu, mimi ni akiba mpaka lini?"

Nikamjibu, "Ukijitahidi." Nilisema hivyohivyo, bila hata kumtazama, huku nahesabu koni. Yeye ambaye alikuwa anakuja kabla ya wote na kuondoka baada ya wote. Aliendelea kuja kama wiki mbili, halafu akaacha. Nilimkuta baadaye nyuma ya mabanda ya kukaangia samaki, anacheza chandimu na wenzake wanne, mpira wa mifuko ya nailoni, goli kandambili mbili mbili. Anacheka, jasho linamtoka, anapiga kanzu. Kumbe hamu yake ya mpira haikuwa imekufa. Ilikuwa imehama tu, ikaenda mahali ambapo mimi sipo.

Ronald Smith na Frank Smoll wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walitumia miaka mingi wakiwachunguza makocha wa besiboli ya watoto. Waliwapa baadhi yao mafunzo mafupi, ya saa chache tu: sifia juhudi na jambo lililofanywa vizuri, mtoto akikosea mtie moyo na umwelekeze, usimwadhibu, usimwaibishe. Wakangoja msimu uliofuata waone nani atarudi. Katika matokeo waliyoyachapisha 1992, waliokuwa chini ya makocha wasiopata mafunzo, asilimia 26 hawakurudi. Kwa makocha waliofunzwa, asilimia 5. Na hapa ndipo ningependa kila mwalimu wa michezo asome mara mbili: timu za makundi yote mawili zilishinda na kufungwa karibu sawasawa. Ule ukali ambao tunausamehe kwa kusema unaleta ushindi haukuwa umeleta ushindi wowote wa ziada.

Karatasi niliing'oa. Mtoto yule sikumpata tena. Familia ilihamia Uvinza.

Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Ni makubaliano ya nchi nne zinazoligawana ziwa: sisi, Burundi, Kongo na Zambia. Mengi yalisemwa kuhusu bei ya dagaa na madeni ya wavuvi, na yalikuwa ya kweli. Mimi nilikuwa na hofu yangu nyingine ambayo nisingethubutu kuisema mbele ya mtu aliyekosa kazi. Kwangu hiyo ilikuwa mbalamwezi ya miezi mitatu.

Wiki ya kwanza kiwanja kilijaa wanaume pande zote mbili. Watu wasio na kazi, wenye mawazo, na mbele yao kitu kimoja tu cha kutazama. Kila mmoja alikuwa kocha. Tulikuwa tunafika watoto zaidi ya thelathini, ilipofika mwisho wa Mei hatukufika ishirini.

Katika kipindi hicho ndipo lilipotokea la mia tano. Baba mmoja alikuwa na utaratibu wake wa muda mrefu wa kumpa mwanawe shilingi 500 kwa kila goli. Sikuupenda, maana mtoto alikuwa hatoi pasi hata akizungukwa na watu watatu, lakini sikuwa na la kusema, ni mtoto wake na hela yake. Ziwa lilipofungwa hela ikaisha. Mtoto akafunga goli zuri, akaenda pembeni na mkono wazi, baba akatikisa kichwa. Mtoto akarudi uwanjani, akatembea tembea kama dakika kumi, kisha akaja kwangu.

"Leo naumwa tumbo."

Hakuwa anaumwa. Nilimwambia akae, akakaa akichora mchangani kwa kijiti mpaka giza.

Kuna utafiti wa 1973 ambao ni kama uliandikwa kwa ajili yake. Mark Lepper na wenzake walikwenda kwenye shule ya awali ya Chuo Kikuu cha Stanford, wakachagua watoto wa miaka mitatu hadi mitano ambao tayari walikuwa wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja waliahidiwa cheti chenye utepe wakichora. Kundi la pili walichora kwanza, wakapewa cheti bila kutarajia. La tatu hawakupewa kitu. Siku kadhaa baadaye kalamu ziliwekwa tena darasani, hakuna cheti, anayetaka achore. Wale walioahidiwa walichora kwa karibu nusu tu ya muda wa wenzao. Na walikuwa watoto waliokuwa wanapenda kuchora!

Kiswahili chenyewe kinanisaidia hapa. Makazini kwetu neno motisha siku hizi maana yake ni bahasha: posho, zawadi ya mwisho wa mwaka, kitu cha mkononi. Motisha mtu anakupa, na anaweza kukunyima. Ari hupewi. Unakutwa nayo, au unaikuta imeondoka. Yule baba alikuwa amempa mwanawe motisha nyingi sana, goli baada ya goli, na kila sarafu ilikuwa inamwambia mtoto kwamba kufunga ni kazi ya kulipwa. Kazi isiyolipwa nani anaifanya? Baba mwenyewe wakati huo alikuwa hafanyi.

Nilikaa na hilo usiku ule. Kuitisha kikao cha wazazi niliona hakufai. Ningesimama mimi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, niwaeleze wanaume waliokosa mapato namna ya kushangilia? Wangenisikiliza kwa heshima, kisha wangeondoka.

Suluhisho lilikuja kutokana na kero ya siku zote. Magoli yetu yalikuwa nguzo tupu za miti. Mpira ukiingia unapitiliza hadi kwa akina mama walioanika, na hapo ni matusi na kukimbizana. Nikamfuata mzee mmoja ambaye wavuvi wanamheshimu, nikamwomba nyavu.

"Shikamoo mzee. Nina magoli mawili hayana nyavu, na mtaa mzima umejaa mafundi wa nyavu wasio na kazi."

"Marahaba, mwalimu." Akacheka. "Unataka tuvue watoto?"

Kesho yake walikuja sita, na nyavu chakavu mabegani, nyuzi na sindano zao za kushonea. Nyavu za dagaa zina matundu madogo, kwa hiyo zilibidi kukunjwa na kuunganishwa na vipande vya nyavu za macho makubwa, na hilo lilizua ubishi wa siku tatu kuhusu fundo lipi linahimili shuti. Walikaa chini, kwenye mchanga, nyuma ya goli. Na hapo ndipo mambo yalipobadilika, kwa sababu ambayo sikuwa nimeipanga.

Mtu aliyesimama pembeni mikono nyuma, kazi yake ni kuhukumu. Mtu aliyekaa chini, uzi mdomoni, anayehesabu macho ya wavu, anainua kichwa mara mojamoja tu, na akisema anasema taratibu kwa aliye karibu naye. Kelele zilishuka zenyewe. Isitoshe, ukikaa nyuma ya goli unauona mpira kwa urefu wa mtoto. Unaona jinsi beki wa darasa la sita anavyokuja kama lori. Baba wa mtoto wa mguu wa kushoto alinong'ona siku ya pili, sijui kama alikuwa ananiambia mimi, "Kumbe wanakuwa karibu hivi."

Mwanawe alikuja kuokota mpira nyuma ya goli baada ya kupaisha. Nilikuwa hatua nne kutoka hapo. Nilingoja lile neno. Baba akauchukua mpira, akaupangusa mchanga kwa kiganja, akampa. "Ulitaka kuuweka wapi?" Mtoto akaonyesha pembe ya juu kwa kidole. Baba akaitazama ile pembe, akasema, "Haya." Yakaishia hapo. Mtoto akaondoka anakimbia.

Sijapata maelekezo ya kocha yaliyo bora kuliko lile swali. Lilimchukulia mtoto kama mtu aliyekuwa na nia, siyo kama mtu aliyeharibu.

Jean Côté wa Kanada, katika utafiti wake wa 1999 kwa familia za vijana wapiga makasia na mcheza tenisi waliofika mbali, alikuta kwamba kati ya miaka sita na kumi na mitatu wazazi wale walikuwa wakiwapa watoto nafasi ya kujaribu michezo mingi kwa kufurahia tu. Kukazania mchezo mmoja kulikuja baadaye, kwenye miaka kumi na mitatu, na kujitoa kwa nguvu zote baadaye zaidi. Nilimsimulia yule mzee wa nyavu. Akasema hata yeye hakumpa mwanawe usukani mwaka wa kwanza, alimpa kata amwage maji yaliyoingia kwenye boti, na aogelee.

Kipa wetu ni binti wa darasa la tano. Mama yake alikuwa anamtaka nyumbani jioni, na alikuwa na haki, kazi ni nyingi na mtoto wa kike ndiye anayeitwa kwanza. Aliyemwokoa ni bibi yake. Bibi hajui sheria hata moja ya mpira. Alikuwa anakuja na kigoda, anakaa, anapiga makofi mpira ukiingia goli lolote, hata la mjukuu wake. Binti alikuwa anafungwa, anageuka, anamkuta bibi anashangilia kwa dhati. Nilidhani itamuudhi. Miezi yote mitatu ana kistari kimoja tu, siku ya msiba wa jirani.

Si kwamba yote yalinyooka. Nyavu zilipokamilika na mikono ikawa mitupu, baadhi walirudi pembeni na kelele zao, nami nikawa nawatafutia kazi nyingine kama mtu anayetafutia watoto wadogo vitu vya kuchezea: kupiga mistari kwa majivu, kushona mipira iliyopasuka, kuwa refa wa pembeni. Wa mia tano, hela iliporudi, na utaratibu ulirudi. Nimezungumza na baba yake mara mbili kwa upole. Mtoto anafunga sana. Anakuja siku ambazo baba yupo.

Agosti ziwa lilifunguliwa. Jioni ya kwanza ya giza tulikuwa mazoezini wakati wanaume wanashuka mwaloni na taa na majaketi yao, kwa haraka, maana ilikuwa miezi mitatu. Baba wa yule wa mguu wa kushoto alipita nyuma ya goli, akasimama, akaweka taa chini na kuvuta fundo moja la wavu lililokuwa limelegea, akalifunga upya. Mwanawe alikuwa na mpira katikati ya uwanja, anamfuata beki mkubwa. Nikamwona anainamisha kichwa, macho yote kwenye mguu wake. Alijaribu tobo. Sikumbuki vizuri kama lilipita, kwa sababu nilikuwa nimegeuka kumtazama baba. Alisubiri mpaka mpira ukatoka nje, akabeba taa yake, akashuka majini. Mtoto hakumwona akija wala akiondoka.